Kilio Kilichopitishwa na Kamati

Phelesia alikuwa ameolewa Rangwe, lakini vilio vyake vilimfikisha mpaka Kehancha. Akisimama mbele ya jeneza kuimba dengo, wimbo wa kuomboleza, alimtaja marehemu, waliompenda na waliomtesa, na hata chifu hakuthubutu kumkatiza. Sasa yuko Uriri, kwa marehemu kaka yake, kwenye kiti cha plastiki mbele ya kamati ya mazishi, anaambiwa auimbe kwanza wausikie. Kanisa limechoka na maneno machafu matangani. Makubwa haya!

Akaimba. Anayezikwa ni Lynnet, binti wa kaka yake, aliyeuza misumari na mabati katika duka la Javan. Hospitalini, kabla ya kukata roho, Lynnet alimnong'oneza shangazi yake kwamba mimba ilikuwa ya Javan, na vidonge vya kuitoa alivinunua Javan huyo huyo. Phelesia hakumwambia mtu, hata Edith, mama wa binti. Kwao, jambo kama hilo likisemwa kwenye dengo ni kweli ya watu wote. Likisemwa jikoni ni umbea. Alikuwa akilitunza kwa siku hii.

Javan, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati, alimsikiliza mpaka mwisho. Wenzake walitazama nyasi. Waoga wakubwa!

"Wimbo ni mzuri, mama," Javan akasema taratibu. "Lakini kuna watoto hapa. Tutoe hiyo ya mimba. Na hiyo ya duka."

"Nikisikia hiyo neno mimba kwa mic, mimi siziki," akasema Pasta Omanga. "Kanisa haiwezi bariki dhambi."

Hapo ndipo walipomshika. Kwa mila, msichana mkubwa asiyeolewa huzikwa nje ya ua. Ni kanisa lililokubali Lynnet alale ndani, karibu na baba yake. Pasta akiondoka, wazee watamtoa nje.

Edith alipopata habari alimvuta Phelesia nyuma ya jiko, akapiga magoti kwenye majivu.

"Wifi, najua ilikuwa mimba. Usiitaje. Unataka mtoto wangu azikwe huko nje kama mbwa? Ukiimba, atafufuka?"

Phelesia akafungua kinywa amwambie ya Javan. Akayaona yale magoti, akashindwa. Funika kombe mwanaharamu apite, akajiambia, na akajichukia papo hapo.

Basi akaimba walichotaka. Lynnet alikuwa ua, Mungu akalichuma. Watu wakalia machozi ya kweli kwa wimbo wa uwongo, pasta akitikisa kichwa kwa kuridhika. Jeneza likashushwa ndani ya ua, udongo ukajazwa.

Ndipo Javan akashika kipaza sauti.

"Mama Lynnet hayuko peke yake. Huyu mdogo, Adhiambo, namchukua leo. Atakaa kwangu, asaidie dukani mahali pa dada yake, na shule nitamsomesha mimi."

Makofi yakapigwa. Edith akainua mikono kumshukuru Mungu. Adhiambo, aliyekuwa bado na sare ya shule, akatabasamu kwa aibu.

"Ni yeye!" Phelesia akapiga yowe. "Mimba ilikuwa yake! Ni yeye amemuua Lynnet! Edith, usimpe mtoto!"

Watu wakageuka, wakamhurumia. Mazishi gani yasiyo na mwanamke anayelia kwamba fulani ameua? Dengo limekwisha, kaburi limefungwa; alichokisema sasa kilikuwa uchungu tu. Wanawake wengine wakaongeza mayowe yao juu ya yake, mpaka jina la Javan likazama humo.

"Mshikeni, amezidiwa," akasema Pasta Omanga.

Wakambeba mpaka ndani, wakamlaza kitandani, wawili wakimkalia miguu. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, akabaki akitaja jina lile kwa midomo tu. Edith akaja na maji, akamfuta uso kwa leso.

"Lia, wifi, ulimpenda sana," akasema. Kisha akageukia mlangoni, Adhiambo aliposimama na begi lake akimtazama shangazi.

"Wewe nenda, usimcheleweshe Mzee. Shangazi yako atapoa."