Mwaka wa Tatu wa Karatasi ya Hadijah

Jumamosi moja ya Desemba 1997, Hadijah Nanzala alikaa mbele ya taipureta akitaka kuandika jinsi mwaka ulivyokwenda, akajikuta ana hasira mpaka vidole vinagonga herufi mbili kwa pamoja.

Alikuwa karani wa shule moja ya sekondari karibu na Shianda, na kwa miaka mitatu alikuwa akitoa karatasi yake mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Hakutumwa na mtu. Zilikuwa kurasa mbili, nakala sita za kaboni, ambamo aliandika aliyoyaona na aliyoyawaza: watoto wanaochomoa miwa nyuma ya trekta, redio yake inayokatika kila habari ikifika penye maana, jogoo wa jirani aliyemkimbiza hadi chooni. Nakala moja aliiacha kwa msusi, nyingine kwa fundi cherehani, nyingine kwenye benchi la zahanati, na zilizobaki akawapa walimu.

Shukrani alizopata ni hizi. Fundi aliikata ile ya Machi akaifanya kipimo cha mkono wa blauzi. Msusi alimwuliza kwa nini haweki matangazo ya vifo, maana hayo ndiyo watu wanayatafuta. Mwalimu mmoja akataka kujua ni chama gani kinamtuma.

Lililomchosha zaidi lilikuwa la wali. Septemba aliandika kuhusu harusi aliyohudhuria, ambako wali ulikuwa na mawe na wageni wakatafuna polepole huku wakitabasamu kwa adabu. Hakutaja jina. Siku ya tatu, jirani yake Asiya, aliyekuwa ameoza binti mwezi huohuo, alisimama mlangoni na karatasi mkononi.

"Salaam aleikum, Hadijah. Hii wali ni ya nani?"

"Aleikum salaam, dada. Sikutaja mtu."

"Shianda ilikuwa na harusi ngapi hiyo wiki? Wewe unaandikanga watu, halafu unasema hujataja."

Hadijah aliomba radhi palepale, na Oktoba akaomba tena kwa maandishi. Asiya akarudi. Safari hii alikuwa amehesabu.

"Mawe uliipatia laini kumi na mbili," alisema. "Msamaha, tatu."

Baada ya hapo Hadijah hakuandika ya Novemba. Mvua ya mwaka huo ilikuwa imegeuza njia zote kuwa tope, na alipoulizwa aliisingizia mvua.

Halafu kulikuwa na zile barua. Msomaji mmoja tu ndiye aliyemwandikia mwaka mzima: mzee Mathew wa Chekalini, huko Lugari, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Binti yake Winrose alikuwa muuguzi katika ile zahanati, na kila alipokwenda nyumbani alimpelekea baba yake nakala. Barua za mzee zilikuwa nane, na hazikuwa na salamu. "Ukurasa wa kwanza: si 'maneno hiyo', ni 'maneno hayo'. Ukurasa wa pili: 'mayai hii' ni aibu kwa mtu aliyesoma."

Hadijah alikuwa amefika hapo, kwenye habari za barua, akiandika kwamba huu ndio mwisho na kila mtu ajitafutie kitu kingine cha kusahihisha, aliposikia hodi. Alikuwa Winrose, na nyuma yake mzee mrefu mwenye gambuti zilizojaa tope, amekumbatia faili chini ya koti.

"Huyu ni baba," Winrose alisema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kumzuia. "Amesema lazima akuone."

Mzee Mathew alikaribishwa mara mbili ndipo akaketi. Akafungua faili. Ndani zilikuwa karatasi zote kumi za mwaka huo, zimetobolewa na kupangwa kwa mwezi, zimejaa wino mwekundu.

"Ya Novemba iko wapi?"

"Sikuandika, mwalimu."

"Winrose aliniambia hivyo. Nilidhani ameipoteza, nikamgombeza wiki mbili."

Winrose alitazama ukuta.

"Kwa nini hukuandika?" mzee aliuliza.

"Nimechoka na watu," Hadijah alisema. "Na wewe pia, mwalimu, unisamehe. Barua nane, na hakuna hata moja yenye neno zuri. Nilidhani unaichukia hii karatasi."

Mzee alishangaa kwelikweli. "Ningekuwa naichukia, ningewashia moto jikoni. Ile ya jogoo niliisoma mara nne. Nilimsomea mke wangu, akacheka mpaka akaacha kuchambua maharagwe."

"Hilo ndilo ungeniandikia."

"Lakini hilo si kosa," mzee alisema.

Hadijah alishusha pumzi. "Basi niwe nakuletea wewe kwanza, uisahihishe kabla sijaitoa. Tupumzike sote."

"Hapana. Nikishaisoma mapema, mwisho wa mwezi nitangoja nini?"

Hadijah hakujua acheke au amfukuze. Aliinuka akaenda kuchinja ingokho, kuku wa mgeni, akasonga ugali wa obusuma, wakala. Walipomaliza mvua ilianza kupiga mabati, na mzee akasinzia kitini, mdomo wazi.

"Wewe piga tu mashine," Winrose alisema. "Kwetu kuna kinu cha kusaga mahindi nyuma ya nyumba. Haamki huyu."

Hadijah aliichomoa ile karatasi ya mwanzo akaikunja, akaweka nyingine. Alikuwa bado amekasirika, na aliandika kwa hasira hiyohiyo: kuhusu fundi, kuhusu msusi, na kuhusu mtu anayevuka tope kutoka Lugari kuja kudai kurasa mbili, asiseme asante. Kuhusu Asiya hakuandika. Mvua ilipokatika alikuwa amemaliza.

Mzee aliamka, akapewa nakala yake. Aliikunja mara mbili bila kuitazama hata mstari wa kwanza, akaitia mfukoni mwa koti na kufunga kifungo.

"Nitaisoma nyumbani," alisema, akamwambia Winrose waondoke kabla njia haijaharibika zaidi.