Uyoga wa Oldřich

Tangu Oldřich apasuliwe moyo mwezi wa nne, madaktari walikuwa wakisema amepona. Lakini Jarmila, aliyezeeka naye, aliona mume wake hasa bado hajarudi nyumbani. Alikula alichowekewa, alivaa alichopangiwa, na habari ya kesho hakutaka kuisikia. Ukimwambia mnunue mbegu za bustani, anakuuliza, "Za nini?"

Basi majani yalipoanza kupukutika, Jarmila akampakia katika gari lao lenye kitanda na jiko, akashika usukani mwenyewe, wakatoka kwao Ucheki kwenda kuzurura. Huko Vienna, Oldřich aliletewa keki ya chokoleti, akaacha nusu. Slovenia walikaa kando ya ziwa ambalo watu husafiri mbali kuja kulitazama. Akasema ni maji. Jarmila alijikaza akaendelea kuendesha.

Walipoingia milima ya kaskazini mwa Italia, mvua ilikuwa imetoka kukatika na msitu ulikuwa unafuka mvuke.

"Mama, simama!" Oldřich alimwambia mkewe ghafla.

"Nini, moyo unauma?"

"Moyo wa nani? Simama, nakwambia!"

Alimpokonya mkewe kofia ya sufu, akashuka gari halijatulia vizuri, akapotelea kwenye misonobari. Jarmila alimwacha, ingawa roho ilikuwa juu juu. Kumpitisha Mcheki kwenye msitu wenye unyevu bila kuchuma uyoga, labda umfunge pingu.

Alirudi magoti yamejaa tope, kofia imefurika uyoga mnene wa kichwa cha kahawia. Nyuma yake alikuja askari wa misitu, mwanamume wa tumbo na ndevu, akiongea Kijerumani kama wengi wa milima ile. Oldřich alikijua kidogo, na hicho kidogo kilimtosha kugombana.

"Mzee, kibali chako kiko wapi?"

"Kibali cha nini?"

"Cha kuchuma uyoga."

"Na uyoga wenyewe, nani aliupa kibali cha kuota?"

Jarmila aliziba mdomo asicheke. Kwao uyoga wa msituni ni wa yule aliyeinama, na hakuna aliyewahi kuomba ruhusa ya kuinama. Askari akaeleza kwa upole kwamba faini ni ndogo kama uyoga umetoka upande huu wa kijito, na kubwa kama umetoka ng'ambo, kwenye hifadhi.

"Niambie tu umeuchuma wapi."

Hapo Oldřich akafunga mdomo. Mchuma uyoga wa kwao hataji mahali pake. Kaka yake wa tumbo moja alimbembeleza maisha yake yote, akazikwa bila kuambiwa.

"Msituni," alisema hatimaye.

"Msituni wapi?"

"Penye miti."

"Baba, sema basi!" Jarmila aliingilia. "Tutatozwa faini kubwa bure."

"Tutozwe! Nikimwonyesha, kesho si atakuja na ukoo wake mzima?"

Askari alicheka mpaka tumbo likatikisika. Hata hivyo aliwatoza faini kubwa, akachukua uyoga wote na kuwaachia kofia.

Oldřich alifoka bonde zima. Yule bwana atauharibu uyoga kwa vitunguu saumu, na mkewe hata mayai hatatia, kama wafanyavyo Wacheki! Akafoka huku anakula, akamaliza mkate na soseji zake, akahamia kwenye za Jarmila. Jarmila alimwacha ale, moyo wake umejaa furaha.

Kisha Oldřich akashusha sauti, ingawa garini walikuwa wawili tu.

"Mama. Kuna jiwe limekaa kama tandiko la farasi. Ukilipita, kuna msonobari ulioanguka. Chini yake nimeuacha ule mdogo mdogo, ukue. Mwakani tukate kibali, halafu tuanzie pale."

Jarmila aliegesha gari kando ya barabara, maana machozi yalikuwa hayamwachi aone mbele.

"Sasa unalia nini? Si uyoga tu?"

"Rudia," alisema Jarmila. "Mwakani tufanye nini?"