Mifuko ya Nguo za Nyumbani

Dobi hakuwahi kutumbukiza nguo ya mteja majini kabla ya kupindua mifuko yake. Hiyo ilikuwa sheria ya mama yake, aliyemwachia duka, masufuria na pasi. Alichokikuta mfukoni, iwe kitana, barua au pete iliyovuliwa pale ilipopaswa kuvaliwa, alikifunga kwenye kitambaa, akakibana kwa pini kwenye nguo iliyokwisha kunyooshwa, na hakumwambia mtu. Siri za nusu ya mtaa zilipita mikononi mwake, na hakuna hata moja iliyotoka mlangoni.

Nguo za nyumbani ndizo hakuzipekua. Za nini? Mumewe, fundi saa, alibeba leso na bisibisi tu. Mama yake alikuwa mgonjwa, hana pa kwenda. "Nyumba isiyo na siri haipekuliwi," alipenda kusema, na alisema kwa kujidai kidogo.

Lakini mdomo uliofungwa kwa mambo ya wateja ulikuwa wazi kwa mambo ya wakubwa, na wiki ile jambo lilikuwepo. Dhahabu, mwimbaji ambaye hata watoto wa chekechea walijua nyimbo zake, alianguka jukwaani katikati ya wimbo. Begi lake lilipofunguliwa likakutwa na unga, vidonge visivyo na jina na misokoto ya bangi. Redio iliyokuwa juu ya rafu haikuwa na habari nyingine.

"Eti wakili wake anasema bangi ilikuwa dawa ya mgongo!" Dobi alisema huku akisugua kola. "Mgongo! Bangi ni bangi, jamani. Leo msokoto, kesho unga, keshokutwa jeneza."

"Nasikia kuna nchi wanaiuza kwenye maduka ya dawa," alisema mshonaji wa jirani, aliyekuja kuchukua shuka zake.

"Na wao watajuta. Sajini, unanisikia? Siku nikiikuta nyumbani kwangu, hata kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe, nakuita. Simfichi mtu."

Sajini alikuwa ameegemea kaunta akisubiri sare yake. Akacheka. "Wangekuwa wote kama wewe, dada, kituo tungekifunga."

Mwalimu mkuu na mkewe, waliokuwa kwenye benchi, wakaitikia kwa vichwa. Kwenye kona, karibu na dirisha, fundi saa hakuinua uso. Alikuwa ameinamia saa ya mkononi, lenzi jichoni. Wateja walizoea kumtania kwamba maneno yake anayaweka akiba.

Dobi alikuwa na sababu ya kujiamini, nayo ilikuwa nyuma ya pazia la duka. Mama yake alikuwa na uvimbe kwenye mfupa wa nyonga. Vidonge vya hospitali vilimtapisha. Kwa miezi miwili aligeukia ukuta, hali, hasemi, akiuma pindo la shuka ili wateja wasisikie akigumia. Kisha, wiki tatu zilizopita, akaomba supu. Kesho yake akaomba bakuli la pili. Akalala usingizi mpaka asubuhi, akaamka akiuliza nani amekufa mtaani wakati yeye anaumwa, kwa sauti ya mtu anayetaka majina. Dobi alimshukuru Mungu kwanza, halafu akaishukuru supu yake. Kila aliyeingia dukani alipewa maelekezo ya kuipika, atake asitake.

Siku hiyo mama alikuwa amemwagia supu gauni lake jeupe la nyumbani. Dobi alilichukua akalitumbukiza kwenye sufuria kubwa la kuchemshia nguo nyeupe bila kulitazama mara mbili, akarudi kwenye habari za Dhahabu.

Harufu ilianza taratibu. Mshonaji akanusa, akachungulia nje. "Nani anavuta huko?" Mwalimu mkuu akanyanyuka kufunga dirisha, na harufu, badala ya kupungua, ikajaa chumba. Ilikuwa nzito, kali, ya majani mabichi yaliyoungua.

Sajini akaacha kuegemea. Miaka ishirini ya kazi ilikuwa imeifundisha pua yake. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye sufuria.

Dobi alichukua mwiko wa mbao akaliinua gauni. Kutoka mfukoni kikadondoka kichupa cheusi chenye kifuniko cha mpira kilichokwisha kuachia, kikabiringika sakafuni hadi kwenye kiatu cha Sajini. Kwa kitambo Dobi alifikiri kuna mtu amemtegea. Kisha akaliona gauni lililoning'inia kwenye mwiko, akauona mshono alioushona yeye mwenyewe begani.

"Ya nani hii?" Sajini aliuliza.

Fundi saa alivua lenzi, akaiweka mezani taratibu. "Yangu."

"Yako?" Dobi alipiga kelele. "Ndani ya gauni la mama?"

Alitamani angeung'ata ulimi wake. Kila mtu alikuwa ameshasikia.

"Nampa mimi," mumewe alisema. "Yeye anajua ni dawa ya maumivu, basi. Matone matatu kwenye chai, asubuhi na saa kumi jioni. Leo asubuhi nilikisahau kitandani kwake, lazima alikitia mfukoni. Daktari mmoja alinivuta koridoni siku ile wewe unalia, akanitajia, halafu akasema, mimi sijakuambia kitu."

Dobi alimwangalia kama mgeni. Huyu mtu aliyemsalimia mkwe wake kwa miaka kumi na minne akiwa amesimama mlangoni, macho chini kwa heshima, ndiye aliyeingia vichochoroni kumtafutia bangi!

Sajini aliwatazama waliokuwemo mmoja mmoja. Mke wa mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ningekuwa peke yangu humu ningesema nina mafua," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini mmesikia wote. Kuna nyingine, fundi?"

"Hakuna."

"Twende." Mlangoni aligeuka, na hakuwa na furaha yoyote usoni. "Dada, ulisema mwenyewe."

Dobi aliuachia mwiko, gauni likarudi majini. Mumewe alipita mbele yake akiwa hata koti hakuvaa, akamgusa kiwiko kidogo, akatoka.

Wateja waliondoka bila kuaga, mshonaji akisahau shuka zake kwa haraka ya kwenda kusimulia. Redio ikaendelea peke yake: Dhahabu ameruhusiwa kwenda kupumzika kwenye kliniki ya binafsi, wapenzi wake wamejaza maua getini. Dobi aliizima kwa kofi. Nyota kapelekwa kupumzika, fundi saa kapelekwa mahabusu!

"Mwanangu," sauti ikaita nyuma ya pazia, yenye usingizi, "saa kumi haijafika? Mkwe wangu hajaniletea chai yangu."

Ilikuwa imepita. Dobi alichungulia, akaona vidole vya mama yake vimeanza kulitafuta pindo la shuka.

Koti la mumewe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alipindua mifuko yake. Leso. Bisibisi. Kidaftari cha saa za wateja, na kwenye kurasa za nyuma mwandiko mdogo wa fundi: *Jumanne, bakuli nusu. Jumatano, hakuuma shuka. Ijumaa, amecheka.* Na chini yake: *Mke wangu anasema ni supu yake. Amefurahi sana. Nimwache.*

Alilia hapo hapo, amesimama, bila kujali nani anapita barabarani. Kisha mkono wake ukaingia mfuko wa ndani, ukagusa kioo. Kichupa cha pili, kimejaa.

Kituo cha polisi kilikuwa hatua mia mbili. Kwenye kamba, sare ya Sajini ilining'inia, mkono mmoja umenyooshwa, mwingine bado. Alikuwa ameisahau, na lazima angerudi.

Dobi alichemsha chai. Aliibeba nyuma ya pazia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akafungua kichupa. Harufu ile ile ikampanda puani. Tone la kwanza likaanguka kwenye kikombe. La pili likaanguka kwenye sahani.

Mama yake alifumbua macho, akatazama kichupa, akamtazama yeye.

"Leo ni wewe?" alisema. "Mkono wako unatetemeka, mwanangu. Wa mkwe wangu hautetemeki."

Mbele, mlango wa duka ulilia.

"Hodi," ilisema sauti ya Sajini. "Dada, upo? Nimefuata sare."

Dobi aliushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauinua tena juu ya kikombe. Yalikuwa yamebaki mawili.