Kitanda cha Malenga

Wasafiri wa anga hawakuijua sayari ile kwa madini yake wala kwa miezi yake miwili. Waliijua kama kwao Malenga. Chombo kikitua, abiria walipelekwa moja kwa moja kwenye chumba alichokulia, wakatazama kitanda nyuma ya kamba, wakaondoka.

Mlinzi wa kamba hiyo alikuwa mdogo wake Malenga, baba mmoja mama mmoja. Hakusahau kitu. Ofisi iliyowafungulia wageni nyumba ile ndiyo iliyomfukuza kaka yake sayarini, kwa shairi moja kuhusu wachimbaji waliofukiwa mgodini. Miaka ikapita, ofisi hiyo ikamtangaza marehemu na kumchongea sanamu. Maiti hana mdomo, ndiyo maana anapendwa.

Asubuhi moja marehemu akaingia na mfuko wa nguo, akikohoa.

"Umenenepa, mdogo wangu. Wanakulisha vizuri hawa." Akakitazama kitanda. "Hiki cha nani? Si tulilala chini, ukinipiga mateke usiku kucha?"

"Wamekileta wao, kaka. Wageni hawapendi mkeka."

"Basi leo nakionja. Nimekuja kufia kwetu."

Kuruhusu mtu akiguse kitanda kungemfukuzisha mlinzi kazi, na kazi ikienda, kibanda cha uani alimolala nacho kingekwenda. Hata hivyo akafungua kamba, akamvua kaka yake viatu, akamfunika.

Hazikupita dakika nyingi, mkurugenzi wa ofisi ile akaingia na kundi la wageni. Alimtambua mzee aliyelala kitandani mara moja, kwani barua ya kumfukuza aliitia sahihi yeye.

"Mtoe," akanong'ona.

"Mtoe mwenyewe, bosi. Ila uwaambie wageni unamtoa nani."

Mkurugenzi akapiga hesabu. Akimtaja, sanamu inakuwa uongo; akimburuta, macho yote yanaona. Akawageukia wageni kwa tabasamu.

"Na huyu ni mwigizaji wetu mpya. Anaigiza usingizi wa Malenga."

Wageni wakapiga makofi. Bibi mmoja akamwambia mumewe kwamba hafanani na Malenga hata kidogo.

Malenga alikuwa anakoroma. Mlinzi akaenda uani kubandika chai ya watu wawili. Mwigizaji hangeweza kuburutwa mbele ya wageni, na wageni hawakukosekana hata siku moja.