Rangi ya Zambarau kwenye Skrubu

Niligonga kitako cha bunduki kwa nyundo ya mpira mara ya nne, si kwa nguvu, kama unavyobisha mlango wa jirani, na kwa mara ya nne pini ya kupigia risasi ikaanguka. Tak. Hakuna kidole kilichogusa kifyatulio. Bunduki ilikuwa tupu, imebanwa kwenye jiliwa la mezani, nami nimesimama hatua moja nyuma yake.

Nikaandika daftarini: nne kwa nne. Kisha nikavuta bolti, lile komeo la bunduki, nyuma, nikaisukuma mbele na kuishusha kwa kishindo, kama afanyavyo mtu mwenye haraka anapomwona kulungu. Tak. Safari hii hata nyundo haikuhitajika.

Ilikuwa bunduki ya Wendell Haupt. Mkewe, Darla, ndiye aliyeileta jana, ameizungushia blanketi kama kitu asichotaka kukiona.

"Anataka kuiuza," alisema. "Iangalie kwanza, Ellis, isije ikamuumiza mtu mwingine."

Nilimkaribisha kahawa, akakataa.

Alisema mtu mwingine kwa sababu siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda mwaka jana, bunduki hiyo ilimpiga Carl, mdogo wake Wendell, risasi ya nyonga. Wendell alikuwa anavuka gogo, buti likateleza kwenye theluji, kitako kikagonga gogo. Afisa wa wanyamapori alipomuuliza kama kidole chake kilikuwa kwenye kifyatulio, Wendell, mikono imejaa damu ya nduguye, alijibu kwamba huenda kilikuwa. Shemeji yangu Royce, kaka wa mke wangu, alikuwa hatua kumi nyuma yao. Yeye hakusema huenda. Alisema alikiona kile kidole kwa macho yake. Tangu siku hiyo Carl anatembea kwa fimbo na hapokei simu ya kaka yake, na Wendell haonekani kwenye kambi yetu ya wawindaji wala kanisani.

Nilitandika kitambaa cheupe mezani, nikafungua skrubu mbili, nikakitoa kifyatulio na kisanduku chake.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita katika chumba hiki cha chini ya nyumba. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kufungua na kufunga, na kwa kutupa nilichoharibu. Nimeona uchafu mwingi. Nimetoa viota vya panya ndani ya bunduki za watu wanaojiita mabingwa. Lakini nilichokiona chini ya lenzi kilinifanya nisogeze kiti nyuma, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta funza.

Grisi ilikuwa imeganda rangi ya kahawia, imenasa manyoya ya kulungu na vipande vya tumbaku. Springi ilikuwa imekatwa kwa koleo, ncha yake imepindapinda. Na kile kijino kinachoizuia pini mpaka mwenyewe utake ianguke, ambacho kiwandani hutoka na kona kali, kilikuwa kimepigwa tupa mpaka kikawa mviringo kama sabuni iliyobaki bafuni. Kilishikilia kwa unene wa unywele. Juu ya skrubu ya kurekebishia uzito wa kuvuta, ili isilegee, kulikuwa na tone la rangi ya kucha. Zambarau, yenye vimeta.

Rangi hiyo niliifahamu.

Kambini kwetu kuna mchezo. Usiku wa kuamkia msimu, wanaume hupitishiana bunduki tupu mezani, wanafumba macho na kuvuta vifyatulio. Mwenye kifyatulio laini kuliko vyote huchagua wa kwanza mahali pa kukaa porini. Royce alishinda miaka mitatu mfululizo, na baada ya hapo kila mtu akamwomba amlainishie yake. Nilimwona mwaka juzi, kwenye meza ya jikoni, kati ya sahani ya mayai na soseji ya kulungu, tupa ya kunolea misumeno mkononi na kichupa cha rangi ya mkewe Trudy pembeni. Nilimwambia, "Royce, hiyo siyo tupa ya kazi hiyo." Alicheka. Nami nikaenda kuosha vyombo.

Hilo ndilo lililonichefua kuliko manyoya na grisi. Nilikwenda kuosha vyombo.

Saa tisa alasiri nikasikia buti zake kwenye ngazi.

"Shemeji! Bado unaishi shimoni kama fuko?" Alikuwa na shavu limevimba kwa tumbaku na chupa ya soda mkononi, nusu imejaa mate meusi. Aliiweka juu ya meza yangu ya kazi. "Nimesikia Darla amekuletea ile bunduki."

"Ipo hapa."

"Mbovu?"

Nilirudisha kifyatulio mahali pake, nikaiweka bunduki kwenye jiliwa, nikafunga bolti, nikagonga kitako. Tak.

"Umeipiga kama unaua nyoka," alisema.

"Nimeipiga kidogo. Gogo liliipiga zaidi."

"Ellis, usianze."

"Hii rangi ni ya nani?"

"Rangi ya kucha inauzwa kila duka, bwana."

"Yenye vimeta? Trudy aliivaa kwenye harusi ya binti yenu. Uliikejeli wewe mwenyewe, ukasema vidole vyake vinafanana na zabibu."

Aliinua chupa, akatema. Uzi wa mate ulining'inia mdomoni mwake, akaukata kwa kidole na kukipangusa kwenye kitambaa changu cheupe.

"Aliniomba mwenyewe," alisema. "Wote wanataka laini. Sikumlazimisha mtu. Na kidole alikuwa nacho pale, kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua kwa sababu wewe ndiye uliyesema."

"Ningejuaje ni bunduki? Mpaka nilipokuwa naitoa risasi zilizobaki ndiyo pini ikaanguka mikononi mwangu, na sikuwa nime..."

Tulisikia mashine ya kufulia ikizunguka huko juu.

"Uliitoa risasi kabla afisa hajafika," nikasema polepole, maana nilitaka kuwa na hakika. "Kwa hiyo alipokuuliza, ulikuwa tayari unajua."

"Carl anatembea, si anatembea? Hakuzikwa mtu. Wendell ameshazoea. Ukimwambia leo itamsaidia nini?" Akasogea, sauti ikawa ya kubembeleza, na pumzi yake ikanuka majani yaliyooza. "Weka kipya, shemeji. Kile cha zamani nipe mimi, nitakitupa mtoni. Wewe si mtu wa maneno. Ndiyo maana watu wanakupenda."

Akanyoosha mkono kwenye jiliwa. Nikawahi kuweka wangu juu ya bunduki. Mimi si mtu wa kushindana, lakini sikuuondoa.

"Umelainisha ngapi nyingine?"

"Nini?"

"Nina daftari hapa, Royce. Nitajie."

"Sita," alisema mwishowe, akawataja wenyewe mmoja mmoja. "Na yangu. Utanichafua mbele ya kambi nzima? Mimi, kaka wa mkeo?"

"Msimu unafunguliwa keshokutwa. Ziletwe zote hapa kesho."

Akanitazama kama aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe, akapanda ngazi. Chupa aliiacha.

Arlene, mke wangu, alisimama mlangoni na kapu la nguo kiunoni. "Nimesikia," alisema. Akaiangalia chupa ile kwa muda. "Itupe hiyo. Halafu wapigie watu simu, usiende kuosha vyombo."

Niliibeba chupa kwa vidole viwili hadi pipa la nje, nikarudi nikanawa mikono kwa sabuni mara tatu. Harufu haikutoka.

Nikawapigia wote sita. Wanne walisema watakuja saa moja asubuhi. Mmoja alicheka, akaacha kucheka, akasema anakuja sasa hivi. Wa mwisho hakupokea. Alipokea mkewe, akaahidi kuificha bunduki hadi kesho. Kisha nikampigia Wendell.

"Iko tayari?" aliuliza.

"Haiko tayari, na leo siitengenezi. Nataka uje kesho uione ilivyo."

"Ya nini, Ellis? Nilikuwa na kidole pale."

"Njoo uone, ndugu yangu. Na Carl aje."

"Carl hapokei simu yangu."

"Yangu atapokea."

Kifyatulio kipya kilikuwa kwenye droo, ndani ya boksi lake. Kazi ya dakika arobaini, na mikono yangu iliitaka, kwa sababu haijazoea kuacha kitu kibovu mezani. Nikafunga droo. Nikabadilisha kitambaa, nikahakikisha tena kwamba bunduki ni tupu, nikavuta bolti na kuifunga taratibu sana, ili pini isianguke. Nyundo ya mpira niliiweka kando ya kitako, mpini umeelekea kiti atakachokaa Wendell. Atagonga mwenyewe.

Nikazima taa, nikapanda kumtafuta Carl kwenye simu.