Mlango wa Pijo

Tunu hana subira, wala hajawahi kulificha hilo. Miaka tisa pale Ukonga amekuwa akichomelea mageti, na geti halina maringo: unaweka moto, unaburuta mpaka mwisho, kazi imekwisha. Sasa mzee Abdulrahman kamletea mlango wa Pijo yake ya zamani, umeliwa na kutu chini, na bati lenyewe jembamba, jamani, ukilikoholea linatoboka. Mafundi watatu wa magari walishamwangusha. Tunu akajiponza na mdomo wake: "Mie naweza, mzee." Akiuharibu, anarudi kwenye mageti yake huku mtaa mzima unamcheka.

Tunu akaikata sehemu yenye kutu, akaweka kiraka cha bati jipya. Bati la namna hii huchomelewa kwa vitone. Kimoja huku, kingine kule mbali, halafu unakaa mpaka lipoe, mkono uweze kuligusa. Kukaa! Tunu alikunywa chai, akafagia banda, akafungua simu, akaifunga. Miguu ilimwasha. Ulipobaki upana wa vidole vinne tu kumaliza, akasema potelea mbali, akaburuta moto moja kwa moja.

Bati likalia ko! Likavimba katikati.

Mungu wangu! Kopo la puti, ile ya kuzibia mabonde ya bodi, lilikuwa hapo hapo chini ya meza. Apake, apige msasa, rangi juu, nani atajua? Akalifungua, akachota. Halafu akajiona anamwambia mzee "tayari", akaona aibu. Akaitupa puti, akawasha grinda, akaanza kukikata kiraka alichohangaika nacho tangu asubuhi.

Mzee akamkuta cheche zinaruka.

"Shikamoo, mzee," Tunu akasema bila kumtazama usoni. "Limevimba. Nimelikoroga mwenyewe kwa haraka zangu. Kama unauchukua mlango wako, uchukue tu."

"Marahaba." Mzee akauzunguka mlango. Akaliona kopo lililo wazi, akakiona na kiraka sakafuni.

"Wale watatu walinipakia puti," akasema hatimaye. "Wote! Mvua mbili tu, ikabanduka." Akavuta kigoda. "Kata bati jingine. Ukipiga kitone, tunapiga soga mpaka lipoe."

"Mzee, mie nikianza kuongea sinyamazi."

"Ndiyo vizuri."

Tunu akapiga kitone kimoja, akauinua mkono kabla haujashawishika, akaanza kumpa umbea wa mtaa, kuanzia nyumba ya kwanza.