Safu ya Kutoka

...na hiyo sasa ni mara ya tatu, na mgeni hagongi mara tatu, mgeni hugonga mara mbili akarudi nyuma kidogo akaangalia namba ya nyumba, hayo Melchior anayajua kuliko anavyoijua rozari, miaka minne ameketi getini kama mlinzi kule Bulisa, Uganda, kwenye visima vya mafuta, mbali na kila kitu isipokuwa nyani na vumbi, akisikiliza watu wanavyopiga honi na wanavyokohoa kabla ya kudanganya, na huyu aliye nje ya geti lake mwenyewe, hapa mtaani Rwezamenyo, saa nne asubuhi, hakugonga kama mgeni, amegonga kwa kidole kilichokunjwa, pale pale chini ya kitasa ambapo bati lina mlio mkali, pahali anapopajua tu mtu aliyekwisha kuligonga mara nyingi. Wala hahitaji kuuliza ni nani, maana geti halifiki chini, na kwenye uwazi ule vinaonekana viatu, buti za mpira, ya kulia ina tone la rangi ya bluu kidoleni, ni Sangwa, Sangwa fundi bomba, Sangwa wa nyumba ya tatu, Sangwa ambaye Ariane, binti wa Melchior, anamwita tonton, yaani mjomba...

"Mama Ariane! Mwaramutse! Iko mtu?"

Iko mtu, ndiyo, mwenye nyumba iko, ameketi kwenye kiti cha plastiki hatua mbili kutoka ulipo, kofuli limefungwa na ufunguo umo kiganjani mwake, ila hukumwita yeye, umemwita mama Ariane, kwani baba Ariane si mtu wa kuitwa, baba Ariane yuko Bulisa, daima yuko Bulisa, hata akiwa hapa na kandambili miguuni... na Béatha, mama Ariane mwenyewe, huko nyuma ya nyumba anafua, redio imefunguliwa kwa sauti kubwa, hajasikia, au amesikia na ananyamaza ili aone mume atafanya nini, na mume atafanya nini? Mume ana daftari. Limo mfukoni mwa shati, dogo, la jalada jeusi, na ndani yake amepiga mistari kwa rula kama alivyozoea kazini, jina, ametoka wapi, anamwona nani, sababu, kuingia, kutoka, siku tisa tangu arudi likizo na siku tisa ameandika kila aliyevuka geti hili, muuza mkaa, wanawake wanaoleta vitambaa kwa Béatha awashonee watoto sare, shemasi wa parokia, na Sangwa, Sangwa, Sangwa, mara sita Sangwa, sababu robine ya maji, sababu robine, sababu tangi, ni robine gani hiyo inayougua kila baada ya siku mbili, hata mtoto mchanga hapelekwi zahanati mara sita kwa siku tisa! Leo ameamua. Atafungua geti, atamwita Béatha atoke na mapovu yake mikononi, atawasimamisha wote wawili hapa uani na kuwasomea mstari kwa mstari, Jumatatu saa nne na dakika kumi mpaka saa tano na dakika mbili, kuziba uvujaji, dakika hamsini na mbili za kuziba uvujaji, halafu atasema lile neno alilolitunga jana kitandani, Sangwa, asante kwa kazi yako, hapa imekwisha, na Béatha akifungua mdomo kumtetea basi atakuwa amejitangaza mwenyewe, na huo ndio mwisho, mtu atajua anaishi na nani.

Ufunguo anauzungusha kiganjani, hainuki. Si hasira, angekuwa na hasira angekwisha kufungua, ni wivu, na wivu haufungui mlango, wivu unaketi nyuma ya mlango na kusikiliza... Zile koleo. Siku ya kwanza ya likizo alizikuta dirishani jikoni, koleo za mpini mwekundu, akauliza za nani, Béatha akasema za Sangwa, anaziacha hapo, ni karibu, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi iko rafuni. Koleo za mwanaume mwingine zina mahali pake katika nyumba yangu, wakati mimi niliuliza taulo langu liko wapi nikaambiwa, lile la zamani? Na kikombe. Kikombe cha udongo chenye pundamilia, alichokinunua mwenyewe mjini Hoima, akakifunga ndani ya soksi mbili kisivunjike, basi la usiku kucha hadi stendi ya Nyabugogo akiwa amekipakata, na juzi akamwona Sangwa kakikamata kwa mikono miwili, anapuliza chai... na Béatha anacheka, mkono mdomoni kama anavyocheka anapocheka kweli, si kile kicheko chake cha kwenye simu. Maana kwenye simu hucheka haraka, anajua mtandao utakatika, kule Bulisa mpaka upande ngazi ya tangi la maji ndipo upate mtandao, usimame na mkono mmoja umeshika chuma, useme hamjambo, Ariane amekula, sawa, sawa, na siku ile ya mwezi wa pili, amesimama pale juu, akasikia nyuma ya sauti ya mkewe mwanaume anakohoa, kisha anasema pole. Nani huyo? Redio, akasema Béatha. Redio! Redio gani inakohoa na kusema pole? Wiki tano nzima aliibeba redio hiyo kichwani, kila lori lililosimama getini alimwona dereva ana uso wa redio, na alipofika nyumbani akauliza tena, na mwanamke wala hakutetemeka, akasema alikuwa Sangwa, bomba lilipasuka sebuleni, maji yalifika vifundoni, nilisema redio kwa sababu wewe ukisikia mwanaume unaanza maswali yako ya getini, jina nani, ametoka wapi, amekuja kumwona nani, na mimi nilikuwa nimeshika ndoo, Papa Ariane, nilikuwa na ndoo mkononi...

"Nimereta ile robine mupya!" Sangwa anapaza sauti. "Ya jana ilikuwa mubovu kabisa!"

...mbovu, ya jana, basi jana uliijua kuwa mbovu ukaacha, ili leo urudi, mjanja wewe. Redio huko nyuma inatangaza vifo, majina na ukoo na parokia, na maji yanamwagika kwenye beseni, Béatha hakosi kusikia, hapana, mtu anayesikia mtoto akikohoa usingizini kupitia kuta mbili hakosi kusikia mwanaume anayeita jina lake getini. Na Ariane yuko shule, afadhali, maana Ariane angekwisha kukimbia kufungua, tonton, tonton, huyo huyo Ariane aliyesimama nyuma ya geti hili siku aliyofika baba yake, begi begani, vumbi la nchi mbili kwenye nyusi, akauliza kwa sauti nyembamba, nani? Ni mimi. Mimi nani? Alicheka, aliona fahari, mtoto wa mlinzi, swali zuri hilo, ndivyo wanavyotakiwa kuuliza, halafu hakufungua, alikwenda kumuuliza mama yake kwanza, na Melchior akabaki nje na begi lake akiangalia bati, na ndipo akapita Léonidas, kiongozi mpya wa isibo, zile nyumba chache za jirani, mzee mwenye daftari la nyumba zote za mtaa, akamwangalia viatu mpaka kichwa kwa adabu kubwa. Muko mugeni hapa? Munamutembelea nani? Akajibu naishi hapa. Léonidas akafungua ukurasa, akatafuta kwa kidole, akasema hapa iko Béatha na mtoto moja. Akaongezwa pale pale, chini kabisa ya ukurasa, kwa kalamu ya kuazima, na kiongozi wa watu akamshukuru sana, na yeye tangu siku hiyo hajamsimulia mtu. Aibu hiyo ameimeza mwenyewe. Béatha alimwambia mwaka jana, Kiyovu kuna mageti mengi, kila jumba la mabalozi lina mlinzi, jioni unarudi unakula na mtoto, akamjibu kwa kiburi, Kiyovu ningelinda magari ya watu, kule nalinda mafuta. Kana kwamba mafuta yanamjua. Mafuta hayajawahi kumuuliza amelala vipi.

"Papa Ariane!" Béatha sasa, kutoka nyuma. "Kuna mtu getini?"

Kwa nini anauliza kama hajui... au hajui. Sauti yake haina kitu, ni sauti ya mtu anayefua, na hilo ndilo linalomuumiza kuliko yote, angependa isikike hatia hata kidogo, apate pa kushika. Ameketi kwenye kiti hiki siku tisa, mkewe alikwisha kumtania, hata nyumbani unalinda, nani ataiba nini, beseni? akacheka, akamletea mto wa kuegemea, na mto huo uko mgongoni mwake hata sasa. Atoe daftari. Atoe ahesabu tena kabla ya kufungua, asije akakosea saa mbele yao, mlinzi anayekosea saa anachekwa, na hilo analijua kwa uchungu, maana alikosea kitabuni mara moja tu na haikusahaulika. Ilikuwa siku ya king'ora. Gesi ilivuja kisimani, watu wote wakakimbilia uwanja wa kukusanyikia, na Norman, mkuu wa zamu, akaja mbio getini kuchukua kitabu, kwani kule kitabu cha getini ndicho kinachosema nani yuko ndani, akasoma majina na watu wakaitika, mpaka akafika kwa Johnson, dereva wa lori la maji. Johnson hakuitika. Kuingia, saa mbili. Kutoka, hakuna kitu. Na sheria ni kwamba safu ile haijazwi na mlinzi, anaijaza anayetoka, kwa mkono wake, ila asubuhi ile Johnson alitoka kwa miguu akipunga mkono, nafuata chapati tu kaka, na Melchior akamwachia apite bila kusaini, huo ndio upumbavu wake. Wanaume wawili wakavaa barakoa wakaingia kwenye gesi kumtafuta mtu aliyekuwa barabarani anakula chapati. Dakika arobaini. Walipotoka, macho mekundu, mmoja anatapika, Norman hakupiga kelele, alimwekea kidole kwenye ule mraba mweupe. "Mtu hajaandika ametoka, Melchior, yuko ndani. Na kama yuko ndani tunamtafuta mpaka tumpate. Kuwe na moto, kusiwe na moto." Basi tangu hapo hajaacha mraba mtupu hata mmoja, hata humu, hebu ona, Jumatatu, kutoka saa tano na dakika mbili, Jumanne, kutoka saa kumi na nusu, Alhamisi, Ijumaa, mara zote sita ameziandika mwenyewe, Sangwa ametoka, Sangwa ametoka, Sangwa ametoka, kalamu yake mwenyewe ndiyo inayosema hivyo, ajabu, hakuwahi kuisoma safu ya mwisho, alikuwa akisoma ya kuingia tu... lakini huu mstari wa chini je?

Mstari wa chini si wake. Ni penseli ya bluu, ile ya kuandikia vipimo vya viuno na mikono, na herufi za duara za Béatha. Shati. Alilivua jana, asubuhi akalikuta limeanikwa na daftari liko mezani chini ya misale, akajiambia amelitoa mwenyewe, ukisha kuzoea kuwachunguza wengine hukumbuki kwamba nawe una mfuko. Amesoma yote, basi. Kila robine, kila dakika. Na hakulichana, wala hakumrushia usoni wakati wa chai, chai yenyewe alimkorogea sukari kama siku zote... ameandika, safu kwa safu, kwa utaratibu wa getini. Jina, Melchior, baba wa Ariane. Ametoka, mbali. Anamwona nani, mke wake. Sababu, bado hajasema. Kuingia, tarehe nne, saa kumi na moja na dakika kumi na saba. Dakika kumi na saba! Yeye mwenyewe hakuijua dakika. Alisimama nje na Léonidas na begi lake akidhani hakuna aliyeko ndani anayejali amefika, kumbe ndani kuna mtu aliyetazama saa.

Na kutoka... hakuna kitu. Karatasi nyeupe tu. Anajua tarehe, bila shaka anaijua, tiketi ya basi imebandikwa kwenye kabati, siku tano zimebaki, angeweza kuijaza kwa penseli ile ile na mume asingekuwa na la kusema, lakini ameiacha kwa anayetoka. Wivu haujaondoka, asijidanganye, bado anaziona koleo, bado anaona pundamilia katikati ya mikono ile, ila kilicho juu yake sasa ni aibu, na chini ya aibu kuna kitu anachokiogopa zaidi, kwamba siku tisa kulikuwa na mtu anamtafuta ndani ya nyumba hii, akimletea mto, akimkorogea sukari, na yeye muda wote alikuwa getini anaangalia nje. Redio imezimwa. Lini imezimwa? Maji hayamwagiki tena. Huko pembeni mwa nyumba amesimama mtu, hahitaji kugeuka, anamjua kwa pumzi, mikono ina mapovu, anaangalia daftari lililofunguliwa juu ya magoti ya mumewe.

Buti za mpira bado ziko chini ya geti, tone la bluu halijasogea. Ufunguo bado uko kiganjani, umepata joto. Kidole kinagonga tena, mara ya nne, chini ya kitasa.

"Iko mtu ndani?"

"Iko," anasema Melchior, na anaisema amemgeukia Béatha, bila kuliangalia geti.